Nesi wa Kibamba, sehemu ya 9: Winchi ya umeme au ya haidroliki? Na jioni ile ya Maneromango



Najua niliahidi leo tunaendelea na degedege. Itasubiri wiki moja. Juzi natoka zamu ya usiku nikakuta ujumbe wa dada mmoja anayekaa huku huku kwetu Kibamba, ndani ndani kule ambako masika ikianza bodaboda wanapandisha nauli kabla hata hujawaita. Anasema mumewe kanunua gari la juu, la kupita kwenye tope, na sasa anataka kuchukua hela ya ada ya watoto akafunge winchi. Ubishi uliopo nyumbani ni winchi gani, ya umeme au ya haidroliki. Baba anasema haidroliki ndiyo ya kiume. Yeye ananiuliza, "Sista, mumeo ni mtu wa magari, nikubali ipi? Au nikatae zote?"

Nilicheka peke yangu kwenye daladala. Halafu nikaacha kucheka, maana swali hilo sisi tulilijibu kwa hela yetu, na ilibaki kidogo tulilipie na kitu kingine. Nitawasimulia. Ni ndefu, mlaze mtoto kwanza.

Kwa wasioijua, winchi ni ile ngoma ya chuma inayofungwa mbele ya gari, imezungushiwa waya au kamba ngumu. Gari likizama unaivuta kamba, unaifunga kwenye mti au kwenye gari lingine, unabonyeza rimoti, ngoma inazunguka na gari linajivuta lenyewe kutoka shimoni. Hiyo ndiyo kazi yake, kuvuta gari lililonasa. Haipandishi mtu juu wala haiburuzi gari barabarani.

Mtu wa mjini ataniuliza, Dar es Salaam na winchi wapi na wapi? Ndugu yangu, njoo Kibamba mwezi wa nne. Hapo barabarani Morogoro Road imepanuliwa, njia nane kutoka Kimara mpaka Kibaha, unapita kama uko Ulaya. Sasa kata kona uingie ndani kilomita moja na nusu. Bajaji imelala ubavu, mwanafunzi kashika viatu mkononi, mama mjamzito anashuka kwenye bodaboda avuke dimbwi kwa miguu ndio apande tena upande wa pili. Hatujafika hata Kisarawe hapo.

Na sisi Kisarawe ndiko tunakoenda. Baba watoto ni fundi wa pampu za visima, kazi zake nyingi ziko vijiji vya Kisarawe na Mkuranga, na tuna kashamba ketu upande wa Maneromango, mihogo na mikorosho michache. Gari letu ni Prado ya zamani, ya miaka ya 1990, ya petroli. Tuliinunua imechoka tukaifufua. Kila masika ilikuwa lazima inase mara 2 au 3, na kila ikinasa tunalipa vijana wa kusukuma. Kwa hiyo mchezo wetu wa kazini uliponifikia zamu yangu nikapokea, baba watoto akasema, mama, safari hii tufunge winchi.

Mimi nilitaka vigae vya sebuleni. Niseme ukweli.

Basi bwana, tukaenda Gerezani kuulizia. Kama mnavyojua, mtu wa pampu ukimtajia haidroliki ni kama umemtajia mama yake mzazi. Pale dukani akanifundisha kama mwanafunzi. Winchi ya haidroliki haina mota ya umeme. Inasukumwa na oili yenye mgandamizo, na oili hiyo inatoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Kuna zinazotumia pampu ile ile inayolainisha usukani, na kuna zinazofungiwa pampu yake peke yake. Inavuta polepole lakini haichoki. Haipati joto haraka, hainyonyi betri, ukiitumbukiza kwenye maji haijali. Injini ikiwa inanguruma unaweza kuvuta kutwa nzima. Ndiyo maana magari makubwa ya brekidauni unayoyaona Morogoro Road yakinyanyua malori yaliyoanguka yanatumia nguvu hiyo hiyo ya oili. Baba watoto anaongea macho yanang'aa.

Ya umeme ni rahisi kuielewa. Ni mota, na inakunywa betri ya gari. Unaifunga kwenye bampa iliyoimarishwa, nyaya 2 nene kwenda kwenye betri, umemaliza. Kwa bei tulizotajiwa siku ile, ya haidroliki ukijumlisha mipira, vifungio na ufundi ilikuwa zaidi ya mara 2 ya ile ya umeme. Kasoro ya umeme fundi hakuificha: ikivuta mzigo mzito inaweza kunywa ampea 400 na zaidi, wakati alternata ya gari kama letu inarudisha chini ya 100. Piga hesabu mwenyewe. Inatoka ndoo, inarudi kikombe. Halafu mota inachemka, lazima uipumzishe.

Kwa maelezo hayo haidroliki ilikuwa imeshinda. Nami ningekubali, yaani ningekubali kabisa niokoe muda. Ila lile neno "injini ikiwa inanguruma" liliniganda. Usiku sikulala. Nikamwambia baba watoto jambo ambalo tangu tuoane sikuwahi kumsimulia lote.

Ajira yangu ya kwanza ilikuwa kituo cha afya kimoja mkoa wa Pwani, sitakitaja. Nilikuwa mgeni kazini, diploma bado inanukia. Masika. Tukapata mama wa mimba ya pili, uchungu pingamizi, njia imefunguka yote na mtoto hashuki. Pale hatukuwa na uwezo wa kumpasua, kwa hiyo tukampakia kwenda hospitali. Gari lilikuwa Land Cruiser la zamani lenye winchi mbele, ile ya kizamani inayozungushwa na injini kupitia giaboksi. Tulijiona matajiri. Njiani kuna kijito ambacho asubuhi yake tulikivuka maji yakiwa chini ya magoti. Jioni kilikuwa kimejaa. Dereva akaingia taratibu, katikati gari likazama tairi la kushoto, maji yakapanda, injini ikanywa maji ikazima.

Dereva alishuka maji yakiwa kiunoni, akaburuta waya wa winchi mpaka kwenye mwembe ng'ambo, akaufunga. Waya ulikuwa mzima. Ngoma nzima. Kila kitu kizima kinasubiri injini, na injini imekufa. Nilikuwa nyuma nimemshika yule mama mkono, nasikia dereva anapiga stata, kimya, anapiga tena, kimya.

Vijana wa kijiji walimtoa kwa kitanda cha kamba begani, wakamvusha, gari lingine likaja kumpokea. Mama alipona. Mtoto hakupona. Simlaumu dereva, na sijui kama winchi ya aina nyingine ingebadilisha kitu, maana saa zilikuwa zimeshaenda. Lakini ule waya uliofungwa kwenye mwembe ukiwa umelegea, hauvuti, naukumbuka mpaka leo.

Nikamwambia mume wangu: ya haidroliki na ile ya giaboksi ni ndugu. Zote zinaishi kwa injini, kama mtoto tumboni anavyoishi kwa mama. Injini ikizima, zimezima. Na sisi tunanasa wapi? Kwenye maji. Gari letu ni la petroli, likiloana kwenye plagi linakohoa linakaa. Ya umeme angalau ina dakika zake chache hata injini ikifa, na dakika chache ndizo zinazohitajika kutoka katikati ya kijito.

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, sawa mama, umeme.

Tukanunua ya pauni 9,500, ambayo ni karibu kilo 4,300. Hesabu wanayotumia mafundi ni uzito wa gari likiwa na watu na mizigo, mara moja na nusu. Prado yetu ikijaa inakaribia kilo 2,600, mara 1.5 ni 3,900. Tukawa juu kidogo. Vigae vikasubiri.

Hapa ndipo wengi mtasema, basi nesi ameshajibu, umeme umeshinda. Ngojeni.

Mwezi wa nne uliofuata, Jumamosi, tulienda shambani na watoto wote wawili, wa kiume alikuwa na miaka 9 na binti miaka 4. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sikulala. Kurudi, saa 11 jioni, kwenye bonde moja lenye udongo mweusi, gari likakaa chini. Nyuma lilizama mpaka ekzosi ikaingia kwenye tope. Mvua ikaanza.

Baba watoto akatabasamu, kwa mara ya kwanza mtu ananasa anafurahi. Akafunga kamba kwenye mkorosho uliokuwa karibu, hatua kama 8 hivi, akabonyeza. Gari likasogea kidogo, likakwama. Akabonyeza tena, hapumzishi, dakika moja, mbili, tatu. Taa zinawaka, vipangusio vinafanya kazi. Winchi ikaanza kuguna, sauti ikashuka, ikanyamaza. Betri imenyonywa.

Injini ilikuwa bado inawaka, kwa hiyo akasema tuiache inguruma nusu saa ijaze betri, halafu tuvute tena. Yeye akashika chepeo akaanza kuchimba na kijana mmoja wa jirani. Mimi na watoto tukabaki ndani. Vioo juu, maana mvua na mbu.

Mama, soma hapa polepole.

Kama baada ya dakika 20 hivi mkubwa akaniambia, "Mama kichwa kinauma." Nikampa biskuti, nikidhani ni njaa. Binti alikuwa amelala, nikafurahi, afadhali apumzike. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinagonga, nikasema ni usingizi wa zamu. Baadaye kidogo yule mkubwa akasema anataka kutapika.

Chuoni tulikuwa na mwalimu mmoja wa afya ya jamii aliyekuwa akirudia: watu watatu wa chumba kimoja wakiumwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kikague chumba. Sijui kwa nini ilinijia pale. Nikasikiliza injini. Ikanijia ekzosi iko wapi. Nikakumbuka na sakafu ya nyuma ya Prado yetu, ambayo ina kutu na vitundu ambavyo tulisema tutaviziba tukipata hela.

Nilifungua mlango nikapiga kelele, "Zima gari!" Nikamtoa mkubwa, nikamtoa binti. Alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa. Nilimkalisha kwenye mvua mapajani mwangu, nikamwita jina, nikamfinya, nikamwita. Akafumbua macho akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Hewa ile inaitwa kaboni monoksaidi. Ni ile ile ya jiko la mkaa uliloliingiza ndani usiku wa baridi ukafunga madirisha. Haina rangi, haina harufu. Moshi wenyewe unaweza kunuka, hiyo hainuki. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inazunguka imebeba kitu kisichomfaa mtoto. Watoto wanapumua haraka kuliko sisi, inawapata mapema. Mjamzito ndiyo usiseme, aliye tumboni anaumia hata kama mama anajiona mzima. Dalili zake ni za kudanganya: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi. Mtoto aliyechoka na safari naye ndivyo anavyokuwa.

Tukatoka pale kwa bodaboda 2, mimi na watoto, mpaka hospitali. Nesi wa zamu alikuwa binti mdogo, mwema sana. Akamvalisha binti yangu kile kifaa cha kidoleni, kikasoma 98. Akafurahi, "Mama, oksijeni iko vizuri." Nikamwambia mdogo wangu, kwa hewa hii kifaa hicho kinadanganya, hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Muweke oksijeni ya kutosha, mwite daktari. Walikaa na oksijeni usiku ule, wote wawili. Asubuhi mkubwa akaomba chapati. Nikaenda chooni nikalia.

Sasa turudi kwenye gari, maana kule nako kuna somo.

Baba watoto hakulala. Usiku ule ule aliomba lifti akarudi Kibamba, akachukua betri nyingine, kamba ya kuongezea, na kapi. Kapi ni lile gurudumu lenye mfereji wa kupitishia kamba. Wazee wa jahazi ndio wanalotweka nalo foromali, na yeye analo stoo siku zote, anavutia pampu kutoka visimani! Hakuwahi kuliwaza kwenye gari. Alfajiri akachagua mti wa mbali, akapitisha kamba ya winchi kwenye kapi na kuirudisha kwenye gari. Hapo nguvu inakuwa karibu mara 2, mwendo unakuwa nusu. Akavuta kidogo, akapumzika, akagusa mota, akavuta tena. Kwa winchi ile ile iliyoshindwa jioni, gari lilitoka kabla chai haijapoa.

Kwa nini mti wa mbali? Hili hata yeye hakulijua mpaka fundi alipomwambia. Nguvu inayoandikwa kwenye winchi ni ya kamba ikiwa imebaki tabaka la kwanza tu kwenye ngoma. Kamba ikiwa bado imejaa, ngoma inakuwa nene na nguvu inapungua tabaka kwa tabaka. Jioni ile mti ulikuwa hatua 8, kamba karibu yote iko ngomani. Tulinunua kilo 4,300 tukatumia chini ya hapo sana. (Usiimalize yote pia, izunguke ngomani angalau mara 5 kama ni waya, na kamba laini zaidi ya hapo, la sivyo inachomoka.)

Nimeshajiuliza, tungekuwa na haidroliki jioni ile ingekuwaje? Ingevuta bila kuchoka, pengine tungetoka mapema, nikiri. Lakini ingevuta injini ikinguruma muda wote, ekzosi iko topeni, na watoto wangu wako ndani vioo juu, na mimi niko ndani najiona salama kwa sababu mashine haichoki. Sumu ile hainiulizi winchi yangu ni ya nini. Kosa lilikuwa letu, la kuwaacha watu ndani ya gari lililozama huku linawaka.

Na haidroliki ina jambo lake ambalo mafundi wengi hawalisemi, sisi wodini ndio tunaliona. Ile mipira ya oili inabeba mgandamizo mkubwa, hata ile ya pampu ya usukani inapita mara 30 ya upepo ulio kwenye tairi la gari lako. Mpira ukitoboka katundu kadogo, oili inatoka kama sindano. Tuliwahi kumpokea kijana wa lori la kokoto, alipapasa mpira kutafuta panapovuja. Kidoleni kuna alama ndogo kama ya kupimwa malaria. Hana maumivu makali, anacheka, anataka plasta aondoke. Daktari alipoambiwa ni oili ya haidroliki akampeleka chumba cha upasuaji saa ile ile, maana oili ilikuwa imepenya inatembea ndani ya mkono, na mkono wa namna hiyo ukiuacha mpaka kesho unaweza kuukata. Kwa hiyo mume wako akifunga haidroliki, mwambie uvujaji unatafutwa na kipande cha boksi, injini ikiwa imezimwa ndio mkono unasogea. Na akichomwa, hata kama ni katundu tu, ni hospitali usiku huo huo na aseme neno "haidroliki" mapokezini.

Sasa dada wa ujumbe, na wengine mlio na ubishi huo nyumbani.

Kama mumeo anavuta magari kwa kazi, au anabeba mbao porini, au ana gari la dizeli lenye injini nzima ya kuaminika na siku yake nzima ni tope, haidroliki ina haki yake. Mwache. Lakini gari la familia linalonasa mara 3 kwa mwaka, umeme unatosha, na hiyo hela inayobaki inunue betri mpya kwanza. Betri iliyochoka na winchi mpya ni sawa na mgonjwa wa upungufu wa damu umpe gunia abebe. Halafu kapi, mkanda mpana wa kuzungushia mti, glovu za ngozi, na chepeo. Chepeo kimetutoa mara nyingi kuliko winchi, baba watoto hapendi nikisema hivyo.

Na ada ya watoto usiiguse. Winchi inaweza kusubiri kiangazi. Mwalimu mkuu hasubiri.

Siku ya kuvuta yenyewe, wewe mama ndiye wa kusimamia watu, kwa sababu baba akili yake yote iko kwenye tairi. Watoto wanatoka wote garini, hata kama mvua inanyesha, wanakaa upande ambao upepo unatoka, mbali kuliko urefu wa kamba iliyonyooshwa. Kamba ikikatika inarudi kama fimbo na inaweza kuua. Tandika blanketi au koti zito katikati yake, ikikatika lile blanketi linaiangusha chini. Mtu asiiruke kamba iliyokaza, hata mara moja, hata kama amesahau simu upande wa pili. Pete zivuliwe, nimeona kidole kilichovuliwa ngozi kama soksi kwa sababu ya pete ya ndoa na waya. Waya haushikwi kwa mkono mtupu. Kabla ya yote mtu achungulie ekzosi. Ikiwa imefunikwa, izibuliwe kwanza. Na kama lazima injini iwake ili kujaza betri, ndani ya gari asibaki kiumbe, hata kuku wa zawadi mliyopewa na shangazi.

Akianza mtu mmoja kulalamika kichwa, usitoe biskuti kama mimi. Toa watu nje, zima, halafu uliza maswali.

Vile vitundu vya sakafu tuliziba wiki ile ile, fundi alichukua elfu 40. Ni aibu kusema tulikuwa tukiviona mwaka mzima. Vigae bado sijaweka. Binti yangu sasa ana miaka 6, hakumbuki kitu, ila tukisimama popote, hata foleni ya Mbezi, anauliza, "Baba umezima?" Na baba yake, ambaye bado usiku namfuma akiangalia picha za winchi za haidroliki kwenye simu, anamjibu kila mara, "Nazima mama, nazima."

Jumapili ijayo degedege. Safari hii kweli. Wenye maswali niandikieni, ila wa kuniuliza bei za Gerezani waulizeni wenyewe kule, msije mkaninunia.